Kusukuma kwa Wakati Wake: Mwendo wa Binadamu na Viunzi vya Kuvaa

Mabibi na mabwana, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi, wa uhandisi upande huu na wa fiziotherapia upande ule (naona hata leo mmekataa kuchanganyika), asanteni kwa kunialika.

Kabla ya yote, simameni. Inueni mguu mmoja, halafu jiinueni kwa vidole vya mguu uliobaki. Shikeni kiti kilicho mbele yenu, hakuna anayewapa alama. Haya, kaeni.

Tuihesabu kazi hiyo. Chukua mtu wa kilo 70. Akisimama hivyo, uzito wake wote unapita sehemu ya mbele ya unyayo, pale nyuma ya vidole. Kutoka hapo hadi kwenye egemeo, yaani kifundo cha mguu, ni kama sentimita 12. Kano ya kisigino, inayovuta kutoka nyuma, iko kama sentimita 5 tu kutoka egemeo hilo hilo. Hesabu ya wenzo mnaijua tangu sekondari: 70 mara 12, gawanya kwa 5. Kano imevutwa kama kwamba imening'inizwa kilo 168. Na kifundo chenyewe, kwa kuwa kinakandamizwa na mvuto wa kano pamoja na uzito wa mwili, kimebeba kama kilo 238. Hapo umesimama tu. Hujaruka, hujakimbia.

Wa kwanza kulifanyia hesabu jambo hili kwa upana alikuwa Mtaliano, Giovanni Alfonso Borelli, ambaye kazi yake ilianza kuchapishwa mwaka 1680, yeye akiwa amefariki mwaka mmoja nyuma. Kabla yake wengi waliamini kwamba misuli huinua mizigo mikubwa kwa nguvu kidogo, kama mtu anayetumia mtaimbo mrefu. Borelli akaonyesha kinyume chake: misuli imefungwa karibu mno na viungo, kwa hiyo hulazimika kuvuta kwa nguvu kubwa kuliko mzigo wenyewe, mara nyingi zaidi ya maradufu. Mwili umekubali hasara ya nguvu ili upate kasi na wepesi.

Mhandisi akiisikia hesabu hiyo hufurahi. Husema: kumbe kazi ni rahisi. Nikiweka kamba nje ya mguu, sentimita 12 nyuma ya kifundo badala ya 5, nahitaji kuvuta kwa nguvu isiyofika nusu ya ile ya kano. Na kweli, kwa hesabu ya nguvu yuko sahihi. Lakini mambo yangekuwa ya nguvu tu, viunzi vya kuvaa, yaani vyombo vinavyofungwa mwilini ili kumsaidia mtu kusogea (wengine huviita eksoskeletoni), vingekuwa vimejaa mitaani tangu babu zetu. Hataza ya kwanza inayotajwa sana ni ya Mrusi, Nicholas Yagn, aliyeipata Marekani mwaka 1890 kwa chombo chenye springi ndefu kama pinde, zilizopita kando ya miguu ili kumsaidia mtu kutembea, kukimbia na kuruka. Kuanzia hapo hadi kilipopatikana chombo kilichopunguza kweli gharama ya kutembea kwa mtu mzima mwenye afya, kikipimwa maabara, ilipita zaidi ya karne. Leo nataka kueleza kwa nini, na jibu langu ni kwamba wengi walishughulikia nguvu wakasahau wakati.

Tuangalie hatua moja. Ukitembea, kila mguu hukaa ardhini kwa takribani asilimia 60 ya mzunguko wa hatua, na hewani asilimia 40. Mguu ulio ardhini huwa karibu umenyooka, na mwili hupita juu yake kama pendulamu iliyogeuzwa: unapanda, kasi ikigeuka kimo; unashuka, kimo kikirudi kuwa kasi. Kwa mwendo wa kawaida, zaidi ya nusu ya nishati inayohitajika kuuinua na kuusukuma mwili huokolewa kwa kubadilishana huku. Ndiyo maana mtu anaweza kutembea saa nzima akizungumza na mwenzake.

Gharama iko pale unapobadili mguu. Mwili unashuka, mguu wa mbele unagonga ardhi, na mwelekeo wa mwendo lazima ugeuzwe kutoka chini kwenda juu. Hapo nishati hupotea. Mguu wa nyuma ukisukuma sehemu ndogo tu ya sekunde kabla ya mgongano huo, mwelekeo unakuwa umeshaanza kugeuka na hasara hupungua sana. Ukisukuma baada ya mgongano, umechelewa. Inabidi ulipe kwa nyonga kile ulichopoteza. Arthur Kuo, katika hesabu aliyoichapisha mwaka 2002 kwa kutumia modeli rahisi ya miguu miwili, alionyesha kwamba kusukuma kwa mguu wa nyuma kabla tu ya mgongano hugharimu robo ya kazi inayohitajika ukijivuta kwa nyonga peke yake. Mwendo ni ule ule. Kilichotofautiana ni mahali na wakati wa kutoa msukumo.

Aliyewahi kumsukuma mtoto kwenye bembea anajua habari hii kwa mikono yake. Sukuma anapokuja, umemzuia. Sukuma anapoanza kuondoka, anapaa.

Sasa kuna jambo la pili kuhusu kifundo cha mguu, na ndilo ninalolipenda zaidi katika somo zima. Mnaweza kudhani kwamba katika msukumo ule msuli wa nyuma ya muundi hujikunja kwa nguvu nyingi na kwa haraka. Sivyo hasa. Wakati mwili unapita juu ya mguu, msuli ule kwa sehemu kubwa unashikilia tu, urefu wake ukibadilika kidogo, na kano ndiyo inayonyooshwa. Nishati inahifadhiwa kwenye kano kama kwenye springi, kisha inaachiwa yote kwa mkupuo mmoja mwishoni. Msuli unafanya kazi ya mlinzi wa mlango. Lakini hata kushikilia kuna bei yake! Jiwe likikaa juu ya meza, meza haichoki. Msuli ukishikilia jiwe bila kulisogeza hata kidogo, unakula nishati, unapumua, unachoka.

Kwa hiyo kitu cha kumsaidia mtembeaji si lazima kiwe mota. Kinaweza kuwa kitu kinachojua kushikilia bila kula.

Wajenzi wa mwanzo hawakufikiri hivyo. Mwaka 1965 kampuni ya General Electric ya Marekani ilianza kujenga Hardiman, vazi la chuma lenye nguvu za haidroli. Lengo lilikuwa mtu aweze kuinua mzigo wa karibu kilo 680. Vazi lenyewe lilikuwa na uzito wa karibu kilo hizo hizo 680. Mpaka mradi unafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, mkono mmoja tu ndio ulikuwa umefanya kazi ya kuridhisha. Majaribio ya kuendesha mwili mzima yalizaa mitikisiko ya ghafla ambayo hakuna aliyeweza kuidhibiti. Wakati huo huo, mjini Belgrade, Miomir Vukobratović na wenzake katika Taasisi ya Mihajlo Pupin walikuwa wakijenga viunzi vya kuwatembeza watu waliopooza. Vifaa vyenyewe havikuenea, lakini nadharia ya mizani iliyozaliwa katika kazi ile ndiyo iliyokuja kusimamisha roboti nyingi zinazotembea kwa miguu miwili.

Mfano unaonifundisha zaidi ni wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, mwaka 2007. Walitengeneza kiunzi cha miguu cha kubebea mzigo wa kilo 36 mgongoni. Kilifanya kile kilichoahidiwa: wakati mtu amesimama kwa mguu mmoja, wastani wa asilimia 80 ya mzigo ulishuka ardhini kupitia kiunzi badala ya kupitia mwili. Ukiwa mhandisi, hapo unapiga makofi. Kisha wakamvisha mbebaji barakoa ya kupima oksijeni anayotumia na kabonidayoksaidi anayotoa. Alikuwa anatumia nishati asilimia 10 zaidi kuliko akibeba mzigo ule ule kwenye begi la kawaida.

Ilikuwaje? Sababu zinazofanya viunzi vigharimu hivi ni nyingi na zinashikana, ingawa si kila kiunzi huwa nazo zote. Kwanza, uzito ulioongezwa miguuni hauna bei moja na uzito wa kiunoni. Kilo moja kiunoni hupanda na kushuka polepole pamoja na mwili. Kilo moja kwenye kiatu lazima irushwe mbele na kusimamishwa katika kila hatua, na gharama yake ni mara kadhaa ya ile ya kiunoni. Mota na betri zikiwekwa karibu na kifundo, umemfunga mtu jiwe mguuni kisha unamwambia unamsaidia.

Pili ni gia. Mota ndogo huzunguka haraka kwa nguvu kidogo, kwa hiyo tunaiwekea gia za kupunguza kasi. Gia ya 100 kwa 1 huongeza nguvu ya kuzungusha mara 100, ni kweli. Lakini uzito wa mzunguko wa mota, ile hali yake ya kukataa kuanza na kukataa kusimama, unaongezeka kwa mraba wa namba hiyo: mara 10,000. Mtu akitaka kubadili mwendo ghafla, kuruka dimbwi kwa mfano, anakuta anapigana na mota. Mota tulivu yenye gia kubwa ni breki.

Tatu ni viungo vyenyewe. Goti si bawaba. Mfupa wa paja hubingirika na kuteleza juu ya mfupa wa muundi, na mhimili wa mzunguko husogea kadiri unavyokunja. Ukiweka bawaba ya chuma kando ya goti, mihimili miwili haikubaliani. Kiunzi kinaanza kupanda na kushuka kwenye ngozi, kamba zinasugua, na sehemu ya nguvu ya mota inaishia kukandamiza nyama badala ya kugeuza kiungo. Hapa wahandisi hukaza kamba. Wafiziotherapia, mnaojua kilicho chini ya ngozi, waambieni waache!

Mambo yalianza kubadilika katika muda mfupi sana, kuanzia mwaka 2013. Philippe Malcolm na wenzake huko Ghent, Ubelgiji, walijaribu kiunzi cha kifundo chenye misuli ya bandia inayoendeshwa kwa hewa. Walichokibadilisha ni wakati wa kuanza kusukuma. Walipoanza kwenye asilimia 43 ya mzunguko wa hatua, yaani kidogo kabla mguu wa pili haujagusa ardhi, gharama ya kutembea ilishuka kwa asilimia 6 ikilinganishwa na kutembea bila kifaa. Kifaa hicho kilipata hewa yake kutoka nje, kwa hiyo mtu hakuweza kutoka nacho maabara. Mwaka uliofuata Luke Mooney, Elliott Rouse na Hugh Herr wa MIT wakaonyesha kifaa chenye betri yake mwenyewe kilichomsaidia mtu aliyebeba mzigo.

Halafu mwaka 2015 ikaja kazi ambayo huwa nawasomesha wanafunzi wangu mstari kwa mstari. Steven Collins, Bruce Wiggin na Gregory Sawicki walitengeneza kiunzi cha kifundo kisicho na mota wala betri wala kompyuta. Kina springi iliyopita nyuma ya muundi sambamba na kano ya kisigino, na klachi ndogo ya kimekanika inayoikamata springi mguu ukiwa ardhini na kuiachia mguu ukiwa hewani. Basi. Springi inashikilia, msuli unapumzika. Gharama ya kutembea ilishuka kwa takribani asilimia 7, bila kuongeza hata chembe ya nishati kutoka nje. Na zingatieni hili: springi laini zaidi haikusaidia kiasi hicho, na springi ngumu kupita kiasi iliifuta faida. Iliyosaidia zaidi ilikuwa ya katikati. Ukimwondolea msuli mmoja mzigo kupita kiasi, misuli mingine huanza kujirekebisha na kulipa deni lake.

Goti nalo, kwa kifupi, ni habari nyingine. Katika kutembea kwa kawaida goti hufanya kazi ya breki zaidi kuliko ya injini. Max Donelan na wenzake huko Kanada walilitumia jambo hilo mwaka 2008: walifunga jenereta magotini iliyofanya kazi mwishoni mwa mrusho wa mguu, pale msuli unapofunga breki, wakapata kama wati 5 za umeme kwa miguu yote miwili huku mtembeaji akilipa nyongeza ndogo sana. Anayetaka kuweka mota kubwa gotini kwa mtu anayetembea tambarare ajiulize kwanza anasukuma nini. Kwenye ngazi, sawa.

Rudi kwenye kifundo. Je, asilimia 43 ni wakati sahihi kwa kila mtu? Hapana. Mwaka 2017 Juanjuan Zhang, Collins na wenzao waliifanya kompyuta ijaribu mifumo mbalimbali ya kusukuma huku ikisoma pumzi ya mtembeaji, ikichagua ile inayompunguzia gharama yeye binafsi. Wastani wa punguzo ulikuwa asilimia 24. Mifumo iliyochaguliwa ilitofautiana sana kati ya mtu na mtu.

Hapa lazima niwape tahadhari, maana namba hizi huzunguka sana zikiwa uchi. Asilimia 24 hiyo ililinganishwa na nini? Na mtu yule yule akiwa amevaa kifaa ambacho hakisukumi. Si na mtu asiyevaa kitu. Kulinganisha hivyo kuna maana yake kisayansi, lakini mtu anayenunua haendi dukani kununua nafuu ya kifaa kilichozimwa. Mkisoma ripoti yoyote ya viunzi, tafuteni kwanza kipimo cha kulinganishia, halafu ndiyo msome asilimia. Ndiyo maana naiheshimu kazi ya Patrick Slade na wenzake wa Stanford ya mwaka 2022: walitoka nje ya maabara, wakajifunza mahitaji ya kila mtu kwa vihisi vya bei nafuu badala ya barakoa, na wakalinganisha na viatu vya kawaida. Watu walitembea kwa kasi asilimia 9 zaidi, na kwa umbali ule ule wakatumia nishati asilimia 17 pungufu.

Yote niliyosema mpaka sasa ni ya watu wenye miguu mizima. Kwa aliyeumia uti wa mgongo, hadithi ya nishati karibu haina maana. Yeye hatafuti punguzo la asilimia 7; miguu haisikii amri. Mwezi Juni 2014 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu kiunzi cha ReWalk kitumike hata nyumbani, mradi awepo pembeni mtu aliyefunzwa. Mvumbuzi wake, Amit Goffer wa Israeli, alipooza viungo vyote vinne katika ajali ya mwaka 1997, na kwa kuwa kiunzi hicho kinahitaji mikono yenye nguvu ya kushika magongo, yeye mwenyewe hakuweza kukitumia. Japani, Yoshiyuki Sankai wa Chuo Kikuu cha Tsukuba alichukua njia nyingine na kiunzi chake kiitwacho HAL: vihisi kwenye ngozi husoma alama hafifu za umeme ambazo mishipa ya fahamu bado inazituma kwenye misuli, na mota hufuata nia hiyo. Kwa mgonjwa wa kiharusi au mwenye misuli inayodhoofika, ambaye amri inafika lakini inafika imechoka, njia hii inaniridhisha zaidi, kwa sababu mwili ndio unaotangulia.

Nisieleweke vibaya: sikubaliani na wanaouza viunzi hivi kama mbadala wa kiti cha magurudumu. Kiti kizuri kina kasi, mikono ya mtumiaji hubaki huru kiti kikiwa kimetulia, na hakianguki kirahisi. Kiunzi cha aliyepooza kwa kawaida huenda polepole kuliko mwendo wa kawaida wa kutembea, na mikono yote imeshikwa na magongo. Faida yake ni kusimama, kumtazama mtu usoni kwa kimo kimoja, mazoezi. Hizo si faida ndogo, ila ziitwe kwa majina yake.

Na hatari zake ziitwe pia. Mfupa usiobeba uzito kwa miaka hupoteza madini, na wako watumiaji waliovunjika mifupa wakiwa ndani ya viunzi. Ile bawaba ya goti isiyolingana niliyoitaja, kwa mtu mwenye hisia ni kero. Atalalamika na utairekebisha. Kwa mtu asiyehisi miguu hakuna malalamiko, kuna kidonda. Kwa hiyo kila baada ya zoezi mvue, angalia ngozi pale kamba zilipopita, na alama nyekundu isiyofutika upesi iandikwe kama hitilafu ya mashine. Nimeona timu zikiandika makosa ya programu kwa uangalifu mkubwa na alama za ngozi zikiachwa ziwe shauri la nesi.

Kuhusu viwandani nitapita haraka. Viunzi vya springi vya kubebea mikono ya fundi anayefanya kazi juu ya kichwa, au vya mgongo kwa wanaoinama, vinasaidia, na misuli inayolengwa hupumzika kweli. Ila mzigo haupotei, unahamishwa: kutoka bega kwenda nyonga, kutoka mgongo kwenda mapajani. Mwajiri akipandisha kasi ya kazi kwa sababu sasa mna viunzi, amevitumia dhidi yenu.

Muda unanitazama vibaya, kwa hiyo jambo la mwisho ni kujifunza. Jessica Selinger na wenzake, mwaka 2015, walionyesha kwamba mtu akivalishwa kiunzi cha goti kinachobadili gharama ya mwendo wake, mwili huanza kutafuta mwendo mpya ulio nafuu hata kama akiba yenyewe ni ndogo sana. Lakini si papo hapo. Kuna wanaohitaji kuonjeshwa mwendo tofauti kwanza ndipo waanze kutafuta, na katika majaribio ya vifundo, faida kubwa huja baada ya mazoezi ya kutosha. Mtu aliyevaa kiunzi kwa mara ya kwanza anapigana nacho. Misuli yake haijaamini kwamba kuna anayesaidia, kwa hiyo inaendelea kuvuta kama zamani. Maoni yake ya dakika ya kwanza, mazuri au mabaya, ni maoni kuhusu ugeni.

Wenzangu wa maabara wameleta kifundo cha springi, kipo pale mlangoni, saizi mbili tu kwa bahati mbaya. Njooni wawili wawili, mhandisi mmoja na mfiziotherapia mmoja. Mmoja avae, mwingine amtazame goti na nyonga, siyo kifundo, maana huko ndiko mwili unakojirekebisha. Tembeeni ukumbini mpaka mzoee, kisha tubadilishe springi. Atakayekuja kuniambia kinasaidia au hakisaidii kabla hajazunguka ukumbi mara kadhaa, nitamrudisha mstari wa nyuma.